"Nionyeshe mstari": darasa la Jumamosi la kujipima kusoma, Pasiansi

Nimekwenda Jumamosi tisa. Ya kumi niliikosa kwa sababu ya zamu, ikaniuma kama mtu aliyekosa harusi ya ndugu yake. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Mwanza mnaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hasa nyie ambao kusikiliza na kuzungumza kunawaendea vizuri lakini sehemu ya kusoma inawaangusha kila mara.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja huu nipo wodini. Ukitaka kufanya kazi Uingereza, Baraza la Wauguzi na Wakunga la huko linataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mtihani wangu wa kwanza nilifikisha kote isipokuwa kusoma. Nilipata 6.5. Nusu alama, na hela ya mtihani ikawa imekwenda, pamoja na nauli ya Dar es Salaam kwenda na kurudi na siku mbili za ruhusa nilizozipata kwa kubembeleza.

Kabla ya mtihani ule nilisoma kwenye kituo kimoja cha mjini ambacho sitakitaja. Nililipa 150,000 kwa wiki nne. Tulikuwa tunafanya zoezi, tukimaliza mwalimu anasimama mbele na kusoma majibu kama mtu anayeita majina ya wagonjwa dirishani: moja B, mbili D, tatu Kweli, nne Haikutajwa. Kweli maana yake kifungu kimesema hivyo, Si kweli kimesema kinyume, Haikutajwa hakikusema lolote. Ukiuliza kwa nini namba nne ni Haikutajwa na siyo Si kweli, unajibiwa, "Kitabu ndivyo kinavyosema." Nilikuwa naondoka pale najua nimepata ngapi, lakini sijui nimekosea wapi. Wiki inayofuata nakosea pale pale.

Hili darasa ninalolizungumzia ni la mwalimu mstaafu wa sekondari. Lipo Pasiansi, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Halina bango. Ukishuka kwenye daladala muulize kijana yeyote wa bodaboda "kwa mwalimu wa Jumamosi", atakuonyesha ngazi za nje zilizopakwa rangi ya bluu. Bei ni 10,000 kwa Jumamosi moja, karatasi ya maswali ikiwemo. Unalipa mlangoni, mkononi au kwa simu. Hakuna ada ya kujiandikisha wala kulazimishwa kulipia mwezi mzima, na kwa sisi tunaofanya kazi za zamu hilo peke yake ni msaada mkubwa, maana siku usiyoenda hulipi.

Saa 3 kamili asubuhi mlango unafungwa. Simu zote zinawekwa kwenye beseni la plastiki karibu na mlango, na mwalimu anageuza saa ya mezani ituelekee. Vifungu vitatu, maswali 40, dakika 60. Hakuna dakika za nyongeza za kuhamishia majibu kwenye karatasi ya majibu, kama ambavyo hazipo kwenye mtihani wenyewe, na wageni wengi wanakwama hapo hapo siku ya kwanza: muda unaisha, majibu yote yako pembeni ya vifungu, karatasi ya majibu nyeupe. Vifungu viwili vya kwanza ni vya kawaida, nyota, historia ya karatasi, nyuki. Cha tatu mwalimu anakitunga mwenyewe kwa Kiingereza cha mtihani, na mara nyingi kinahusu mambo ya hapa ziwani. Baadaye nilielewa kwa nini anafanya hivyo.

Saa 4 tunashuka chini kunywa chai. Kuna mama mmoja anauza chai ya maziwa, chapati na supu ya sato, wote tunamwita Mayu. Hapo mwalimu hashuki na majibu bado hatujayasikia, lakini mabishano yameshaanza tangu kwenye ngazi. "Namba 14 uliandika nini?" "Kweli." "Weee! Mimi Haikutajwa." Mtu anachukua chapati, anaikunja, anaisahau mkononi huku anakumbuka aya ya nne ilisema nini. Nimeona mtu akichora aya kwa kidole kwenye meza yenye chai iliyomwagika. Mayu naye ameshazoea, anatuacha tubishane mpaka mishipa ya shingo isimame, ila akiona supu inapoa anagonga sufuria kwa mwiko.

Saa 4 na nusu tunarudi juu, na hapo ndipo ilipo thamani ya ile 10,000. Kwenye karatasi maneno ni True, False na Not Given. Sisi ubaoni tunaandika K, S na H. Mwalimu anasoma swali, anahesabu mikono, anaandika: K 13, S 1, H 8. Hasemi jibu. Anakwenda kusimama dirishani. Anayetaka kutetea jibu lake anasimama, anataja aya na namba ya mstari, anausoma kwa sauti, kisha anasema kwa nini. Usipotaja mstari, darasa zima linakuambia, "Nionyeshe mstari." Hata awe mkubwa wako kwa umri au kwa cheo, unamwambia, na hakuna anayekasirika.

Hizo K 13, S 1, H 8 sikuzitunga. Ilikuwa Jumamosi yangu ya tatu, kifungu cha kichocho. Kifungu kilieleza jinsi vimelea vinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia ziwani. Kikasema dawa ya praziquantel huua minyoo iliyokomaa, lakini anayerudi majini anaweza kuambukizwa tena. Kikasema pia kuwa katika vijiji vya ufukweni watoto hupewa dawa hiyo shuleni. Swali la 31 lilisema: watoto wa shule huambukizwa zaidi kuliko watu wazima.

Niliandika Kweli bila hata kurudi kwenye kifungu. Jamani, mimi ni muuguzi wa Kanda ya Ziwa. Watoto hao nimewapokea mimi, tumbo limevimba, mama anasema mtoto anaharisha damu. Nikasimama kwa kujiamini kabisa nikaanza kueleza.

Kijana mmoja anayetengeneza simu Makoroboi, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na mbili, akaniambia kwa upole, "Sista, nionyeshe mstari."

Nikapitisha kidole. "Mstari wa 23. Watoto hupewa dawa shuleni."

"Hapo wamesema wanapewa dawa. Hawajalinganishwa na mtu mzima."

"Sasa kwa nini wapewe wao kama hawaambukizwi zaidi?"

"Labda kwa sababu shuleni unawapata wote kwa pamoja. Labda kwa sababu hiyo uliyosema. Karatasi haijasema, Sista."

Baba mmoja mvuvi wa zamani, anayejiandaa kwa ajili ya chuo, akaniunga mkono kwa sauti kubwa: kwao Ukerewe watoto ndio wanaoshinda majini, kila mtu analijua hilo. Kutoka dirishani mwalimu akasema neno moja tu kwa siku ile: "Ukerewe haipo kwenye kifungu."

Nikarudia kusoma. Mstari wa 21, wa 22, wa 23, wa 24. Nilichokuwa nakitafuta hakikuwepo. Kilikuwa kichwani mwangu, kimetoka wodini, na nilikuwa nimekibandika kwenye karatasi ya mtu mwingine. Niliponyoosha mkono mara ya pili nilikuwa kwenye H. Ubaoni ikawa K 4, H 18, na jibu lilikuwa hilo.

Usiku ule nilitoa karatasi zangu zote za zamani, za kile kituo cha mjini, nikazipitia kitandani na kalamu nyekundu. Karibu kila swali nililokosa la aina ile lilikuwa na ugonjwa, chakula, watoto au dawa ndani yake. Kwenye vifungu vya nyota na nyuki, ambavyo sijui lolote, nilikuwa napata vizuri. Nilikuwa naangushwa na ninachokijua. Hakuna mwalimu wa kusoma majibu ambaye angeweza kunionyesha hilo, kwa sababu kosa lenyewe halionekani kwenye jibu. Linaonekana pale unapolazimishwa kulitetea mbele ya watu.

Niseme na jambo lingine ambalo sikulitegemea. Wiki iliyofuata tulikuwa tunapokezana zamu saa 1 na nusu asubuhi. Mwenzangu ananisomea ripoti, kitanda namba sita, mama wa miaka hamsini na kitu, ameingia usiku, ataanza sindano za penisilini, hana mzio. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Nionyeshe mstari." Akafungua faili. Nafasi ya mzio ilikuwa wazi, haikuandikwa kitu. Tukaenda kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Akasema aliwahi kuchomwa sindano zamani akavimba uso mpaka macho yakafunga. Daktari akabadilisha dawa. Sijawahi kumweleza mwalimu habari hii, lakini tangu siku ile nafasi iliyo wazi kwenye faili siisomi tena kama "hapana".

Nirudi darasani. Kilichonifanya nimwamini mwalimu huyu ni Jumamosi aliyokosea yeye. Kifungu kilikuwa cha gugu maji: lilivyoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, wadudu wanaolila wakaachiliwa katikati ya miaka ya 1990, na baada ya miaka michache mikeka mikubwa ya gugu ikapungua sana. Mwishoni kifungu kikasema wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani cha kazi ile kilifanywa na wadudu na kiasi gani kilitokana na hali ya hewa ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Swali: wanasayansi wanakubaliana kuwa wadudu ndio waliopunguza gugu maji.

Mwalimu akafunua majibu: Haikutajwa. Tulio wengi tukaandika vema au kosa, tukataka kuendelea. Mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, anayetokea Sengerema, akabaki amenyoosha mkono. Huyu mama siku zote ni wa kwanza kufika. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hangojei tena kivuko, anasema akiamka saa 11 anafika na muda wa kunywa uji. Sauti yake ni ndogo. Akasema, "Mwalimu, mstari wa 38. 'Bado wanabishana.' Wanaobishana hawajakubaliana. Kifungu kimelitaja jambo hilo, na kimelikataa."

Chumba kikawa kimya. Mwalimu akavaa miwani, akasoma mstari wa 38, akausoma tena. Akakata H kwenye karatasi yake, akaandika S, akaandika na tarehe pembeni. Kisha akasema, "Ahsante, Mwalimu. Nilikosea." Akatuambia sote tusahihishe upya. Yule mama aliketi akafunika uso kwa kitenge kwa furaha, na mimi niliyekuwa na vema ya bure kwenye swali lile niliikata kwa mkono wangu.

Siyo maswali ya K, S na H peke yake yanayobishaniwa. Kuoanisha vichwa na aya nako kuna vita vyake, na yale ya kujaza nafasi, "usizidishe maneno mawili", yamemliza binti mmoja aliyeandika matatu. Jibu lake lilikuwa sahihi kwa maana, lakini maneno yamezidi, na alama hakuna. Herufi nayo ikikosewa, umekosa. Hayo yanapita haraka, mtu akishaumia mara moja harudii.

Sasa kasoro, maana zipo na mlipaji anastahili kuzijua. Benchi ni nyembamba na hazina mgongo. Kwa mwenye kiuno kibovu, kuanzia saa 3 hadi saa 7 mchana ni adhabu, nenda na mto wako. Jirani kuna karakana ya kuchomelea mageti. Kwa bahati huwa wanaanza kazi kama saa 4, mtihani ukielekea mwisho, lakini wakati wa mabishano mashine ya kukata chuma ikiwaka mwenye sauti ndogo hasikiki. Nimemwona mama wa Sengerema akirudia hoja mara tatu. Nakala za karatasi siku nyingine zimefifia, namba za mistari hazisomeki, na darasa linaloendeshwa kwa mistari haliwezi kuvumilia hilo. Nilimwambia mwalimu, akabadilisha duka la fotokopi, Jumamosi mbili zilizofuata zikawa safi, hii ya mwisho zikafifia tena.

Kubwa zaidi ni kwamba mabishano yanaweza kutekwa. Kuna kaka mmoja mwenye maneno mengi, akisimama hakai, na Jumamosi ya tano alitumia karibu nusu saa kwenye swali moja huku wanne wetu hatujasema kitu tangu asubuhi. Tulilalamika kwa mwalimu, wanawake wawili na mimi. Tangu siku hiyo aliyekwisha kusema mara mbili anasubiri wengine waseme kwanza. Imesaidia. Bado ningependa mwalimu awe anawaita kwa majina wale wanaokaa nyuma, kwa sababu binti asiyezoea kubishana na wanaume hataanza leo kwa kuambiwa nafasi ipo.

Na lijulikane: hapa ni kusoma tu. Kuandika na kuzungumza tafuta kwingine. Ambaye Kiingereza chake bado kinampa shida ya kuelewa aya nzima ataumia, kwa sababu hakuna anayekutafsiria. Aanze na madarasa ya lugha kwanza, halafu aje. Na ambaye ana haraka ya kujua amepata ngapi ili aondoke, siku ile ataona anapotezewa muda, maana swali moja linaweza kula dakika kumi na tano.

Matokeo yangu ni haya, nimeyaandika nyuma ya daftari. Jumamosi tatu za kwanza: 26, 25, 27. Tatu za katikati: 27, 29, 28. Tatu za mwisho: 31, 30, 33. Kwa IELTS ya kitaaluma (Academic), 30 kati ya 40 ndiyo karibu na alama 7. Siwezi kusema nimefaulu kwa kuwa mtihani wangu wa pili bado sijaufanya. Ila sasa nikikosa, naweza kukuonyesha mstari niliouruka, na nikipata, sikupata kwa kuotea.

Jumamosi hii natoka zamu ya usiku saa 1 na nusu asubuhi. Nitaoga kazini, nitapita kwa Mayu kunywa chai, na saa 3 kasoro dakika kumi nitakuwa kwenye zile ngazi za bluu. Ukija, kaa mbali na dirisha la upande wa karakana.